Sura ya Sita: Gede na Mida kwa Siku Moja

Ukiingia katika jumba la mfalme pale Gede, pima upana wa vyumba kwa hatua zako. Urefu wa chumba utakupa hatua nyingi. Upana utakupa tatu, au tatu na kidogo, kisha ukuta. Chumba cha pili ni vivyo hivyo, na cha nyuma yake vilevile. Watu waliokuwa na bakuli za Uchina na shanga zilizovuka bahari, waliokuwa na vyoo na visima ndani ya nyumba zao, walilala katika vyumba ambavyo leo mpangishaji wa Majengo angeona haya kukuonyesha. Nafasi walikuwa nayo, kwa kuwa mji ulienea ekari 45 hivi ndani ya ukuta wake wa nje. Mawe walikuwa nayo pia, maana mji wenyewe umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mbona basi vyumba vikawa vyembamba?

Jibu utaliona Mida, kilomita chache kutoka hapo, limesimama topeni na majani yake mabichi. Ni mkoko.

Paa la nyumba ya mawe ya Uswahilini lilikuwa bapa. Boriti zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe likaja tabaka nene la chokaa na kokoto lililopigwapigwa siku nyingi hadi likashikana. Paa la namna hiyo ni zito mno. Boriti ya mkoko ni ngumu na hailiwi upesi na mchwa, ila ina kikomo chake: ikilazwa kwa urefu wa mita tatu au zaidi chini ya uzito ule, itaanza kupinda. Fundi hakuthubutu kuipitisha mita mbili na nusu hivi, na chumba kikafuata boriti. Ndiyo maana nyumba kongwe za Lamu zina upana uleule, na ndiyo maana hata majumba ya zamani ya Uarabuni na Ghuba, yaliyoezekwa kwa boriti zilizopakiwa majahazini katika pwani yetu, yana vyumba virefu vyembamba. Kwa karne kadhaa mti wa Afrika Mashariki uliamua upana wa sebule ya tajiri wa Maskati.

Hii ndiyo sababu nimeziweka Gede na Mida katika sura moja. Vitabu vya watalii huunganisha sehemu mbili kwa sababu zimekaribiana tu, na matokeo yake mtu hurudi nyumbani na picha mia mbili zisizohusiana. Ukaribu unakuokolea nauli, basi. Jozi nzuri ni ile ambayo sehemu ya kwanza inakuachia swali na ya pili inalijibu. Gede inauliza maswali mengi kupita kiasi, na Mida inajibu mawili matatu kati ya hayo, mradi ufike wakati maji yamekaa vizuri.

Hapo kwenye maji ndipo mipango mingi inapoharibika. Mtu anapanga siku yake kwa saa ya ukutani: asubuhi hapa, mchana chakula, alasiri pale. Gede haina neno. Magofu yamesubiri miaka mia nne, yatakusubiri hadi baada ya chakula. Hori ya Mida haisubiri. Maji yakiwa yamepwa kabisa, mtumbwi umelala upande juu ya tope, ndege wametawanyika mbali hadi wamekuwa vitone, na wewe umesimama juani ukitazama uwanja mpana wa kijivu. Yakiwa yamejaa kabisa, mtumbwi unaelea vizuri lakini ndege wengi wamekwenda kupumzika kwingine. Wakati wa dhahabu ni maji yanapoanza kupanda, yakilisukuma tope kidogo kidogo na kuwasogeza ndege kuelekea ufukweni ulipo wewe.

Mtu wa pwani hahitaji programu ya simu kwa hesabu hii. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo, pwani yetu ya Kenya, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku ipitayo, saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Baada ya juma, mwezi ukiwa nusu, maji yamekuwa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na kilele chake cha mchana kimehamia asubuhi, karibu na saa nne. Ongeza kuchelewa kidogo kwa sababu Mida ni mkono wa bahari wenye mlango mwembamba, na maji huchukua muda kuingia hadi ndani.

Kwa hiyo mwezi ndio unaopanga zamu. Wiki ya bamvua, anza na Gede asubuhi, umalizie Mida alasiri. Wiki ya maji mafu geuza: Mida mapema, halafu Gede baada ya adhuhuri, chini ya kivuli cha miti. Ukiniuliza siku iliyo bora kuliko zote, nitasema ya pili au ya tatu baada ya mwandamo au baada ya mwezi mpevu. Maji yatajaa karibu na magharibi, na kuanzia saa tisa utayaona yakipanda huku jua likipoa. Wenye kalenda ya Kiislamu ukutani watafute kati ya mwezi mosi na mwezi tatu, au kati ya kumi na tano na kumi na saba. Thibitisha kwa jedwali la maji la Kilindini, au mpigie simu mvuvi. Mvuvi ni bora, kwa sababu atakwambia na habari ya upepo.

Kuhusu msimu sitasema mengi. Mvua ya masika ya Aprili na Mei huifanya njia ya kushukia horini iwe utelezi, na mbu wa Gede hawana huruma. Ndege wahamiaji wanaotoka Ulaya na Asia huanza kuwasili mwezi wa Agosti na huondoka kufikia Aprili. Basi anayekwenda kwa ajili ya ndege achague kati ya Oktoba na Machi, na anayekwenda kwa ajili ya magofu achague siku yoyote isiyo na mvua.

Tuseme umechagua siku ya bamvua. Kutoka Mombasa hadi Gede ni kilomita kama mia moja kwa barabara ya Malindi, na kutoka Malindi ni kama kumi na sita tu. Wa Malindi anaweza kunywa chai yake kwa raha. Wa Mombasa awe ndani ya matatu kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu foleni ya Mtwapa ikishakukamata, asubuhi yote imekwenda. Shuka stendi ya Gede, pale barabara ya Watamu inapochepuka. Magofu hayako mbali na hapo, unaweza kutembea, na tuktuk na bodaboda zipo tele. Kunywa chai stendi kwanza, mahamri kwa mbaazi za nazi. Beba kitambulisho chako, kwani mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na uwe na pesa kwenye simu, maana taasisi za serikali siku hizi hazipendi noti.

Ndani ya Gede usikimbilie jumba la mfalme. Anza na kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na ndilo lililowapa wachimbuzi mahali pa kufunga kamba ya historia yote ya mji huu. Kwingineko Gede iko kimya. Wareno waliishi Malindi, mwendo wa nusu siku kwa miguu, kutoka 1512 hadi 1593, waliandika barua na hesabu na malalamiko kuhusu kila kitu, na bado mji huu wenye msikiti wa Ijumaa, jumba la mfalme na kuta mbili hauonekani katika maandishi yao. Mji ulianza kukua katika karne ya 13, ukafikia kilele karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927. Mwaka 1948 akaja James Kirkman, Mwingereza aliyeufyeka msitu na kuchimbua kwa takriban miaka kumi. Julai 2024, UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kirkman alikuwa na mtindo wa kuzipa nyumba majina ya vitu alivyovikuta ndani yake. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, nyumba ya sarafu za Kichina, nyumba ya simbi. Mtindo huu una raha yake na una hatari yake. Raha ni kwamba unapita uchochoroni ukisoma vibao na mji unakuwa na watu: huyu alikuwa na mkasi, yule alihesabu simbi. Hatari ni kwamba tunaanza kuuona mji kama duka la vitu vya kigeni, na kuwasahau walioukata mwamba, walioichoma chokaa na waliochimba visima mji mzima. Ombi langu kwa mgeni ni kutazama kwanza vile visivyotoka nje. Tazama chokaa kwenye kuta, iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa. Tazama vidaka vidogo vya taa. Panapobaki ukuta mrefu, tafuta tundu ambamo ncha za boriti zilikaa.

Kisha ingia msikiti mkuu. Hapa hesabu ya boriti inaonekana hata kwa mtoto. Ukumbi wa swala ni mpana kuliko boriti yoyote, hivyo ikabidi safu za nguzo za mawe zisimamishwe ndani, na safu ya katikati imesimama moja kwa moja mbele ya mihrabu. Aliyeswali nyuma alimsikia imamu bila kumwona. Hakuna fundi ambaye angependa kuziba mihrabu ya msikiti wake kwa nguzo. Mti ulimlazimisha. Ukitoka, tazama kisima cha msikiti na mahali pa kutawadhia, halafu uangalie mkuki uliochongwa juu ya mlango mmoja. Kila mwongozaji ana maelezo yake kuhusu mkuki huo, nami nimeacha kubishana nao.

Kwa nini watu waliondoka? Hili ndilo swali la pili ambalo ni vizuri kulibeba hadi Mida. Wengine husema ni Wazimba, waliopita pwani hii wakiteketeza miji mwaka 1589. Wengine husema ni shinikizo la Waoromo kutoka kaskazini. Wengine hutaja mwaka 1593, Wareno walipomhamishia mfalme wa Malindi Mombasa na nguvu za eneo hili zikahama naye. Na kuna visima. Baadhi vilichimbwa upya kwenda chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka. Mimi naegemea visima, ingawa najua sababu hizi hazipingani. Adui anaweza kukufukuza, ukarudi akishaondoka. Kisima kikikauka, unarudia nini?

Saa mbili na nusu zinatosha Gede, pamoja na jumba la makumbusho mlangoni. Ficha ndizi yako. Kima wa pale wamezoea watu na hawaombi, wanachukua. Jirani na magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa 1993, ambako wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa za vipepeo ng'ambo. Mwenye watoto apite hapo kwa nusu saa. Asiye na watoto aende kula.

Chakula cha mchana kina njia mbili. Ya bei nafuu ni hoteli za stendi ya Gede, wali wa nazi na samaki wa kupaka, umeshiba na una chenji. Ya pili ni kwenda Dabaso, ambako kikundi cha wanakijiji kinafuga kaa na kuendesha mkahawa wa mbao juu ya maji, katikati ya mikoko. Sambusa za kaa za pale zinastahili sifa zake, lakini mkahawa una mandhari inayomfanya mtu ajisahau, na maji ya Mida, kama nilivyosema, hayasubiri. Ukienda Dabaso, uwe umeshaamua kwamba hapo ndipo utakapoionea hori. Kuchanganya Dabaso na daraja la Mida katika alasiri moja kunawezekana, ila utakuwa unatazama saa badala ya ndege.

Daraja la Mida liko kusini ya Gede, upande wa bahari wa barabara kuu, dakika chache kwa tuktuk. Ni njia ya mbao iliyoning'inizwa kwa kamba, yenye urefu wa mita mia mbili na ushei, inayopita katikati ya mikoko na kuishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Inayumba. Wenye woga washike kamba na wasitazame chini, wengine watazame chini kwa makusudi, kwa maana huko ndiko kuna mambo. Kaa dume wadogo wenye gando moja kubwa wanapunga hewani, kila mmoja mbele ya tundu lake, na kivuli chako kikiwafikia wanatoweka wote kwa pamoja. Hesabu hadi ishirini bila kusogea, watatoka tena.

Mwambie mwongozaji akuonyeshe miti kwa majina yake. Mchu ndio ule ambao mizizi yake imechomoza wima topeni ikipumua. Mlilana hukaa mbele kabisa, ndani ya maji. Mkandaa ni mwembamba, ndio uliotoa fito na pau. Mkoko wenyewe utautambua kwa mizizi iliyopinda kutoka shinani na kuingia topeni pande zote. Tafuta mkoko wenye shina lililonyooka, unene wa paja la mtoto, kisha ukadirie kwa macho ni wapi ungeanza kupinda kama ungelazwa chini ya paa la mawe. Umeupata upana wa chumba cha mfalme. Kusafirisha boriti nje ya nchi kulipigwa marufuku mwaka 1982, na hori yenyewe ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa 1968. Boriti ya mkoko imekuwa ghali, nyumba mpya zinamwagwa zege, na vyumba vimepanuka.

Kutoka kibandani, maji yakiwa yanapanda, utaona vitwitwi wakikimbia kwa makundi, na ukibahatika utaona ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mweusi mnene, anayekula kaa na kutembea kwa hadhi. Watu hupanda ndege kutoka ng'ambo ili kumwona huyo mmoja. Halafu chukua mtumbwi. Nusu ya kwanza mtaongea, ya pili mtanyamaza wenyewe. Nyuma yako, juu ya vilele vya mikoko, nchi inainuka kidogo kuelekea Gede. Hapo ndipo swali la pili linapoanza kufunguka. Mji ulikuwa kilomita sita hivi kutoka bahari kuu na kama nusu ya hapo kutoka hori hii. Mfanyabiashara wake alitegemea mkono mwembamba wa bahari ambao jahazi lingeingia kwa maji kujaa na kulala topeni kwa maji kupwa, na alikunywa maji ya visima vilivyochimbwa katika mwamba. Mji wa namna hiyo hauhitaji vita kubwa ili uhamwe. Njia moja ikifungwa na visima vikishuka, yatosha.

Utakutana na watu watakaokushauri uongeze la tatu: mnara wa Vasco da Gama Malindi, au msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao uko ng'ambo ya barabara tu. Kataa. Msitu ule ni wa kilomita za mraba mia nne na ushei, una bundi wake mdogo wa Sokoke na panya-tembo wake mwenye makalio ya manjano, na wote wawili hawatoki kwa mgeni mwenye haraka. Unastahili siku yake, na alfajiri yake. Mnara wa Malindi ni mzuri, lakini ni wa habari nyingine.

Ukirudi Mombasa siku hiyohiyo, uwe barabarani kabla giza halijaingia. Matatu hupungua jioni na nauli hupanda. Anayelala Watamu au Malindi ana nafasi ya kuona magharibi akiwa majini, na kwa siku niliyoisifu hapo juu, hilo ndilo la kufanya.

La mwisho ni la tikiti. Sehemu ya pesa za daraja la Mida huingia katika mpango unaosaidia karo za sekondari za watoto wanaoishi kando ya msitu na hori. Njiani atatokea kijana atakayejitolea kukushusha kwa njia ya mkato kwa nusu ya bei. Msalimie, mshukuru, kisha ukalipe mlangoni na uombe risiti.